Kituoni, nyumbani, kikundi, fedha au mapumziko: msaada upi uanze kwa familia yenye mtoto mwenye ulemavu?

Watu wengi huchagua msaada kwa kutazama jina la ulemavu. Mtoto ana mtindio wa ubongo, basi atafutiwe mazoezi ya viungo. Ana usonji, atafutiwe mtaalamu wa lugha na mawasiliano. Hasikii, atafutiwe kifaa cha masikioni. Yote hayo yana nafasi yake. Ila familia mbili zenye watoto wa hali ileile huweza kuhitaji vitu tofauti kabisa: moja haijui imnyanyue vipi mtoto bila kumuumiza wala kujiumiza, nyingine inayajua yote hayo lakini mama hajalala usiku mzima tangu mtoto azaliwe. Hiyo ya pili ukiipeleka kwenye semina nyingine ya kunyanyua, umeiongezea kazi.

Kwa hiyo hapa nalinganisha aina za msaada kwa kuangalia nyumba imepungukiwa na nini: ujuzi, muda, fedha, usingizi, au mtu wa kuzungumza naye. Nawaandikia wazazi na walezi wanaotakiwa kuchagua huku nguvu zikiwa chache, na pia ndugu, majirani na vikundi vinavyotaka kusaidia lakini havijui pa kuanzia. Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240, yaani takriban mtoto mmoja kati ya kila 10. Walezi wao nao ni wengi, na mara nyingi hakuna anayewauliza wao wenyewe wanaendeleaje.

Mambo yasiyosubiri kulinganishwa

Kichwa cha mtoto mchanga kikikua haraka kupita kiasi, mtoto akipata degedege, akipaliwa kila anapolishwa, au akiacha ghafla kufanya alichokuwa anakifanya, nendeni hospitali. Kichwa kikubwa kinachotokana na maji kwenye ubongo huhitaji daktari wa upasuaji, na kila wiki ya kuchelewa ina gharama yake kwenye ubongo. Mguu kifundo nao, yaani nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa, unarekebishika vizuri sana kwa njia ya Ponseti: mguu hufungwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha mtoto huvaa viatu maalumu vyenye kiunganishi, hasa usiku, kwa miaka kadhaa. Plasta hizo ni kazi ya kituo chenye watu waliofunzwa, lakini viatu vya usiku ni kazi ya nyumbani, na wengi hurudi nyuma hapo, familia inapoona mguu umenyooka na kudhani safari imekwisha.

Kwa usikivu, ratiba inayopendekezwa na wataalamu ni kumpima mtoto kabla ya mwezi 1, kuthibitisha tatizo kabla ya miezi 3, na kuanza huduma kabla ya miezi 6. Huduma hiyo ni pamoja na lugha ya alama. Mtoto akifika umri wa kwenda shule bila lugha yoyote, ya sauti wala ya mikono, amepoteza kitu ambacho ni vigumu sana kukirudisha.

Kituoni au nyumbani?

Swali hili ndilo linalozisumbua familia zaidi, kwa kuwa linagusa muda, nauli, kazi ya mzazi na matumaini, vyote kwa pamoja.

Kituo kina vitu ambavyo nyumba haiwezi kuwa navyo. Pale mfiziotherapia (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), mtaalamu wa tiba ya kazi (anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku kama kula na kuvaa) na mtaalamu wa lugha wanaweza kumtazama mtoto mmoja siku moja na kukubaliana. Kuna vipimo na picha za eksirei. Kuna watu wanaoweza kutengeneza kifaa cha kushikilia mguu au kurekebisha kiti. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyetembea, nyonga huweza kuhama taratibu bila dalili ya wazi mwanzoni, na anayemtembelea nyumbani, hata awe na macho makali kiasi gani, hawezi kuona mfupa. Hilo linahitaji picha, tena kwa vipindi, hata kama mtoto halii.

Upande mwingine, hesabu ya kituo ni ngumu. Wiki ina saa 168. Mtoto akipata saa nzima ya tiba kwa wiki, ambayo wengi hawaipati, zinabaki 167 ambazo yuko mikononi mwa familia. Ongeza safari. Mtoto wa miaka saba asiyetembea anabebwa, anapanda na kushuka vyombo vya usafiri, anafika amechoka na analia, mtaalamu anatumia nusu ya muda kumtuliza. Mama amepoteza siku ya kazi na mtoto mwingine amebaki kwa jirani. Familia nyingi huacha kwenda baada ya muda, kisha husemwa kuwa hazijali. Wengi ninaosikia wakisemwa hivyo walijali mpaka mwili ukagoma.

Nyumbani mambo hugeuka. Mwaka 1969, katika mji mdogo wa Portage, jimbo la Wisconsin, Marekani, familia zilikuwa zimetawanyika vijijini na kuwakusanya watoto darasani ilikuwa shida. Ukaanzishwa utaratibu wa mtu mmoja kuitembelea kila familia mara moja kwa wiki, kukubaliana na mzazi jambo dogo moja au mawili ambayo mtoto atajifunza wiki hiyo, kumwonyesha namna, kisha kumwachia afanye kila siku. Mbinu hiyo imeenea nchi nyingi tangu hapo. Uzuri wake ni kwamba anayekuja anauona mlango mwembamba, kitanda kilichoinama, choo chenye kizingiti, na bibi anayemlisha mtoto akiwa amelala chali. Mambo hayo hayatajwi kituoni, maana hakuna anayeuliza.

Utafiti nao unaegemea huko kwa jambo moja muhimu. Mapitio makubwa ya ushahidi kuhusu mtindio wa ubongo yaliyoongozwa na Iona Novak wa Australia, ya mwaka 2013 na yale yaliyoyafuata mwaka 2020, yaliipa nguvu tiba ambayo mtoto mwenyewe anafanyia mazoezi kitendo anachokilenga, mahali anapokihitaji, na programu za nyumbani zikawa miongoni mwa zilizopendekezwa. Kumlaza na kumnyoosha viungo huku yeye ametulia tu hakukupata nguvu hiyo. Kwa maneno mengine, akitaka kushika kikombe, afanye mazoezi na kikombe, chake, mezani kwao.

Hata hivyo nyumbani kuna mtego ambao huwa hausemwi. Mzazi huweza kugeuzwa mtaalamu wa tiba asiyelipwa wala kupumzika. Akipewa karatasi yenye mazoezi 12 ya kufanya asubuhi na jioni, juu ya kazi zote alizonazo, atafanya siku nne, siku ya tano atashindwa, na kuanzia hapo atajiona mama mbaya. Aulizwe anayetoa mazoezi, awe wa kituoni au wa nyumbani: "Hili tulifanye saa ngapi, tukiwa tunafanya kazi gani?" Mwenye jibu zuri atasema: ukimvalisha, mkalishe hivi, mwache aingize mkono mwenyewe, ukimwogesha, mpe sabuni aishike, ukimlisha, kaa mbele yake, macho yake na yako yawe usawa mmoja, asinyanyue shingo. Mazoezi yaliyoingizwa kwenye siku ambayo tayari ipo hudumu. Yanayodai siku nyingine juu ya ile iliyopo hufa, na si kosa la mzazi.

Nikilazimishwa kuchagua: kwa mtoto mdogo ambaye afya yake imetulia, nachagua mtu anayekuja nyumbani, na kituo kibaki kwa kupimwa mara chache kwa mwaka. Kwa mtoto mwenye maumivu, anayepungua uzito, anayepaliwa, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, au asiyetembea na nyonga zake hazijawahi kupigwa picha, kituo kitangulie hata kama safari ni ya kuchosha, na pesa ya kwanza iende kwenye nauli hiyo.

Ipo njia ya katikati pale ambapo mtaalamu hapatikani kabisa. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa ukuaji, usonji ukiwemo. Ni vipindi 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yameundwa ili wahudumu wasio mabingwa waweze kuyaendesha baada ya kufunzwa na wakiwa na wa kuwasimamia. Walezi hujifunza kutumia michezo na shughuli za nyumbani kumshirikisha mtoto, kuelewa tabia inayowasumbua inatokana na nini, na sehemu moja inahusu afya ya mlezi mwenyewe. Mahali ambapo foleni ya kumwona mtaalamu ni ya miezi, ningeingia kwenye mafunzo kama haya leo na kuendelea kusubiri foleni huku nikifanya kazi.

Mzazi mwenzako au mshauri nasaha?

Mwaka 1971, mjini Omaha, jimbo la Nebraska, wazazi walianza kuunganishwa mmoja kwa mmoja: aliyekwisha kulea mtoto mwenye ulemavu kwa miaka kadhaa anakutanishwa na yule aliyepewa taarifa juzi. Mzazi wa zamani hupata mafunzo kwanza, hasa ya kusikiliza. Wazo hilo limezaa mitandao mingi ya wazazi, na sababu iko wazi kwa yeyote aliyekaa kwenye benchi la kliniki. Mtaalamu atakwambia mtoto anaweza kuchelewa kuzungumza. Mzazi mwenzako atakwambia alivyojua kwamba mwanawe anasikia njaa kabla hajawa na neno la kuisema, alivyowajibu wakwe, na nepi za kumfaa mtoto mkubwa alizipataje.

Mshauri nasaha ana kazi nyingine. Mama akikosa usingizi hata mtoto akilala, akipoteza hamu ya kila kitu, akisema afadhali wote wawili wasingekuwepo, hapo mazungumzo ya wazazi hayatoshi, na kikundi kizuri kinalijua hilo. Anahitaji mtu wa afya ya akili haraka, na mtu wa kumsindikiza.

Kikundi kina faida ya wingi: wazazi ishirini wakiandika barua shuleni, mwalimu mkuu huisoma tofauti na barua ya mmoja. Mmoja kwa mmoja kuna faida ya faragha, na kunawafaa zaidi wanaoona aibu, au ambao mtoto wao ana hali isiyo ya kawaida kiasi kwamba kikundi kizima hakuna aliyewahi kuisikia. Akina baba, kwa niliyoyaona, huja kirahisi zaidi wakiitwa kutengeneza kitu, mfano kiti au reli ya kushikia, kuliko wakiitwa kuzungumzia hisia zao. Waitwe hivyo, mazungumzo yatakuja mikono ikiwa kazini.

Ukiingia kikundi, chunguza mambo mawili. Kwanza, je, kuna anayeuza tiba ya kuponya kila ulemavu? Dawa, maji, mafuta, mashine, sindano za gharama kubwa zisizo na ushahidi: wauzaji hupenda kukaa pale penye wazazi waliokata tamaa. Kiongozi akiwaachia, toka. Pili, je, mzazi ambaye mtoto wake hatatembea kamwe ana nafasi ya kuongea, au kikundi kinasherehekea wanaotembea tu? Mzazi huyo akirudi nyumbani mpweke kuliko alivyokuja, kikundi hicho hakimfai, hata kama kinawafaa wengine.

Fedha au vitu?

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu jibu langu ni moja: fedha kwa vinavyojirudia, vitu kwa vinavyopimwa mwilini.

Nauli, nepi, dawa za kifafa, siku za kazi zilizopotea, yote haya hujirudia kila mwezi na kila familia ina mchanganyiko wake. Serikali kadhaa zimeliona hilo. Afrika Kusini ina ruzuku ya kila mwezi kwa mlezi wa mtoto chini ya miaka 18 mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji uangalizi wa kudumu. Uingereza ina posho kwa mtoto chini ya miaka 16, yenye sehemu ya matunzo na sehemu ya usafiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 28, unataja wazi msaada wa serikali kwa gharama zinazotokana na ulemavu kwa familia zinazoishi katika umaskini: mafunzo, ushauri nasaha, fedha, na mapumziko ya mlezi. Nchi yako ikiwa imeridhia mkataba huo, hayo ni mambo ya kudai kwa sauti ya kawaida, bila kupiga magoti.

Vifaa ni habari nyingine. Kiti mwendo kisichopimwa kwa mwili wa mtoto humpindisha mgongo, humwachia vidonda vya kukaa, na humfanya aonekane hawezi kitu ambacho angekiweza akikaa sawa. Anayetaka kutoa viti agharamie pia mpimaji, marekebisho mtoto anapokua, na fundi wa tairi. Asipoweza, bora agharamie safari ya mtoto kwenda kupimwa. Nalisema kwa uchungu, maana siku ya kukabidhi viti huwa na picha nyingi nzuri, na baada ya miezi sita kiti kimekuwa pa kuanikia nguo.

Fedha nazo zina mpaka. Haziwezi kununua huduma ambayo haipo. Familia yenye posho na isiyo na mfiziotherapia katika umbali wa siku nzima bado haina tiba.

Mapumziko ya mlezi: nyumbani, nje, au usiku kucha?

Katika aina zote za msaada, hii ndiyo inayoombwa kwa sauti ya chini kabisa na kutolewa mara chache kabisa. Mama anaona haya kusema amechoka na mtoto wake. Wanaomzunguka hudhani akipumzika atakuwa amemkimbia. Matokeo yake mlezi anaanguka, na akianguka kila tiba iliyojengwa juu yake inaanguka pia: mazoezi, kliniki, dawa za saa fulani, shule. Kwa kazi hiyo yote kusimama juu ya mtu mmoja, nayaweka mapumziko juu zaidi kwenye orodha kuliko wengi wanavyoyaweka. Kwa Uingereza, kanuni za mwaka 2011 zinazihusu mamlaka za mitaa za England na zinazitaka zitoe mapumziko ya aina mbalimbali kwa walezi wa watoto wenye ulemavu, mchana, usiku, mwisho wa wiki na wakati wa likizo, bila kungoja mpaka mlezi aishiwe kabisa nguvu. Mpangilio huo naukubali: aliyepumzika kidogo kidogo ataendelea kulea, aliyeachwa mpaka mwisho huenda asiinuke.

Mtu kuja nyumbani kukaa na mtoto saa tatu au nne ndiyo njia rahisi ya kuanza. Mtoto yuko kwenye kitanda chake, vitu vyake viko mahali pake, na mtoto mwenye usonji anayevurugwa na mabadiliko hapati mtikisiko mkubwa. Kasoro yake ni kwamba mama akibaki ndani ataishia kufua. Atoke. Au alale, mlango ufungwe.

Mtoto kwenda nje, kwa ndugu au kituo cha mchana, humpa yeye marafiki na sura nyingine za dunia, na nyumba hupata hewa. Kaka na dada zake pia wanapata saa ya mzazi wao peke yao, jambo ambalo wengi wao hawathubutu kuliomba. Njia hii inahitaji usafiri na mahali panapofikika kwa kiti mwendo, na hapo ndipo hukwama mara nyingi.

Usiku kucha ndicho kinachohitajika zaidi na chenye uzito zaidi. Asiyejua kutofautisha kifafa na ndoto mbaya asiachiwe mtoto usiku. Anayekuja kupokea zamu ajifunze kwanza akiwa pamoja na mlezi: dawa gani, saa ngapi, mtoto anageuzwaje kitandani, anakunywaje bila kupaliwa, degedege likidumu zaidi ya dakika 5 anapelekwa wapi. Afanye mchana mara kadhaa, mama akiwa karibu, kisha usiku. Na suala la usalama lisionewe haya: mtoto asiyeweza kusema aliyofanyiwa huwindwa kirahisi. Mjue mtu huyo, ulizeni wengine waliomtumia, na mlezi awe na ruhusa ya kurudi wakati wowote bila kutoa taarifa.

Na kumpeleka akaishi kwingine?

Familia zilizochoka huambiwa kuna makao yatakayomchukua mtoto moja kwa moja. Kifungu cha 23 cha mkataba niliotaja kinasema mtoto asitenganishwe na wazazi kwa sababu ya ulemavu, wake au wao, na wazazi wakishindwa, atafutiwe malezi kwa ndugu wengine wa ukoo, na hilo likishindikana, ndani ya jamii katika mazingira ya kifamilia. Utafiti uliofanyika Bucharest, Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwalinganisha watoto wadogo waliobaki kwenye taasisi na waliopelekwa familia za malezi. Waliopata familia walifanya vizuri zaidi, hasa waliohama mapema. Ukilinganisha gharama, fedha ya kumtunza mtoto mmoja kwenye makao mara nyingi ingeweza kulipa nauli, posho na mtu wa zamu nyumbani, na mtoto akabaki na watu wanaojua anachocheka.

Bweni la shule ni jambo tofauti, na silipingi moja kwa moja. Kwa mtoto kiziwi ambaye nyumbani na mtaani hakuna anayetumia lugha ya alama, shule yenye wenzake huweza kuwa mahali pa kwanza anapopata mazungumzo ya kweli. Ila arudi likizo zote, na familia ijifunze alama akiwa shuleni, ili akirudi awakute wanaongea naye.

Kama wewe ndiye unayetaka kusaidia

"Mkihitaji chochote semeni" huiachia familia iliyochoka kazi nyingine ya kufikiri na kuomba. Uliza hivi: "Siku gani ya wiki ni nzito kuliko zote kwenu, na saa ngapi?" Utajibiwa kwa urahisi. Jumanne, kwa sababu ni kliniki na mdogo wake anatoka shule saa hiyohiyo. Usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa sababu baba yuko zamu. Jibu hilo ndilo linalochagua msaada: kama ni nauli, kama ni kumpokea mtoto wa pili shuleni, kama ni kukaa na huyu ili mama alale. Chukua saa hiyo moja, iwe yako kila wiki, na ukishindwa kuja toa taarifa mapema, maana kuna mtu ameupanga usingizi wake juu yake.